Utambi wa Sikio la Novati

Harufu ya kitambaa cheupe cha pamba kinapopitiwa na pasi ya mkaa inaninyima raha mpaka leo. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu cha kushonea huku Kyerwa, na sitawadanganya kwamba kila nikipiga pasi machozi yananitoka. Ningekuwa nalia kutwa nzima na wateja wangenihama. Mashati ya shule, mashuka, sare za kwaya, vyote navipiga pasi huku napiga soga. Ila ikitokea nimechana kipande kidogo cha pamba nyeupe, kikiwa bado na joto la pasi, nikakisokota kwa vidole, basi ninakiweka chini. Msichana ninayemfundisha kazi aliwahi kuniuliza kama kitambaa kimeniuma. Nilimwambia atie uzi kwenye sindano, tuna kazi nyingi.

Sikumjibu kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na kwa muda mrefu sikuwa tayari kumpa mtu yeyote. Ninyi msionifahamu ni afadhali, maana hamtanitazama usoni.

Nilikuwa na miaka kumi, nasoma darasa la nne. Nyumbani kwetu ni upande wa Nyakakika, Karagwe. Nyumba ilikaa katikati ya kibanja, migomba na mibuni imeizunguka pande zote, hata ukitoka mlangoni asubuhi majani yaliyolowa umande yanakupangusa uso kabla hujanawa. Tulikuwa watoto wawili: mimi na mdogo wangu Novati, aliyekuwa na miaka minne. Novati alikuwa mtoto wa maneno. Aliongea na kuku, aliongea na mbuzi, na kanisani padri alipotuambia "Bwana awe nanyi" yeye alijibu kabla ya watu wazima, tena kwa sauti ya kumzidi katekista. Mama alikuwa akimfinya, na yeye alikuwa akiuliza kwa sauti ileile kwa nini anafinywa.

Sikio lake la kushoto lilianza kuuma wakati mama ana mimba kubwa. Alipata homa, akawa analishika sikio na kulia, hataki kuguswa. Siku ya tatu usaha ukatoka, homa ikashuka, mtoto akaanza tena kuwasemesha kuku. Sote tulifurahi. Pale kwetu watu waliamini kwamba usaha ukishatoka, ugonjwa nao umetoka. Wiki ikapita, ikaja nyingine, sikio likaendelea kutoa maji mazito ya manjano, yenye harufu, na nzi wakalijua.

Bibi, mama yake baba, tuliyeishi naye boma moja, alikuwa na dawa yake. Sikio la mtoto hutibiwa kwa maziwa ya mama anyonyeshaye, yakamuliwe moja kwa moja humo ndani. Akamleta jirani yetu Mama Jovina, mwanamke mnene mwenye cheko, ambaye maziwa yake wakati huo yalikuwa yakitakiwa na nusu ya kitongoji kwa ajili ya macho na masikio. Novati alilazwa mapajani kwa bibi. Mkamuo wa kwanza ulimpata puani, wa pili jichoni, wa tatu ndio ukaingia sikioni, na Novati, katikati ya shughuli hiyo, akauliza kama anaruhusiwa kuyanywa. Tulicheka sana. Siku tatu baadaye sikio lilinuka maradufu, maana maziwa yaliyomwagwa huko ndani yaliganda na kuoza.

Katika siku hizo mama akajifungua mtoto wa kike. Kwa desturi ya kwetu mzazi hukaa ndani. Hatoki juani, hashiki jembe, haonekani njiani. Anakaa chumba cha ndani penye moto, analetewa uji na mchuzi wa moto, na mtoto wake hatolewi nje mpaka siku zitimie. Baba alikuwa mtu wa shamba, na kuumwa kwa watoto alikuhesabu kuwa jambo la akina mama. Kwa hiyo mama aliniita nikasimama upande wa pili wa pazia, akaniambia nimpeleke mdogo wangu zahanati, nimsikilize nesi vizuri, nisisahau hata neno moja. Nilimbeba Novati mgongoni kwa kanga ya mama, ingawa miguu yake ilikuwa inakaribia kugusa chini, na njia nzima alikuwa akinisimulia sikioni habari za mbuzi.

Nesi wetu aliitwa Paskazia. Alikuwa mwenyeji wa Muleba, mrefu, mwenye sauti nzito ya kuimba, na alikuwa na tabia moja ambayo wengine waliilalamikia: hakuwa na haraka. Kabla ya kumhudumia yeyote aliwafundisha akina mama waliokaa kwenye benchi. Siku ile alisema kitovu cha mtoto mchanga kiachwe kikavu, kisipakwe samli, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Alisema mtoto anayeharisha asinyimwe maji, bali aongezewe, na anyonyeshwe mara nyingi zaidi, kwa sababu kinachomuua ni kukauka. Mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa, amemvika sweta tatu na kofia ya sufu, amemfunga na shuka juu yake. Nesi alimvua nguo moja baada ya nyingine kama anayemenya kitunguu, akaagiza maji ya uvuguvugu na kitambaa, akamwonyesha namna ya kumpangusa. Mtoto alipobaki mtupu alipumua kwa nguvu, na benchi lote likacheka kwa afueni.

Zamu yetu ilipofika aliniuliza mama yuko wapi. Nikamwambia yuko ndani, amejifungua. Alinitazama juu mpaka chini, akasema basi leo mimi ndiye mama. Maneno hayo yalinipanda kichwani kuliko inavyofaa.

Alimkalisha Novati juu ya meza, akalichungulia sikio, akauliza tumelitia nini. Nilipomtajia maziwa alitikisa kichwa, lakini hakumsema vibaya bibi. Kisha akafungua boksi, akatoa kitambaa cheupe cha pamba. Pasi ya mkaa ilikuwa bado iko dirishani, na kitambaa kilikuwa na joto lake. Alichana kipande kidogo, akakisokota kwa vidole mpaka kikawa utambi, kama wa koroboi lakini laini zaidi, akauingiza sikioni taratibu, akasubiri, akauvuta. Ulitoka umelowa manjano. Akasokota mwingine, ukatoka umelowa. Wa tatu, wa nne. Wa sita ulitoka mkavu.

"Umeona?" aliniambia. "Ukitoka mkavu ndiyo umemaliza. Asubuhi, mchana na jioni. Dawa ya kunywa atampa mama, utambi ni kazi yako."

Alinieleza kwamba dawa peke yake haitoshi kama sikio linabaki bichi ndani, na kwamba tusimwage humo kitu chochote, hata maji. Akanitaka nifanye mbele yake. Utambi niliousokota ulikuwa mzuri, akausifu. Alinipa kitambaa cha kuanzia, akaniambia nifue, nianike juani, nipige pasi, nirudi siku ya tano. Tulipokuwa tunatoka nilimsikia akiwaambia wale akina mama wanitazame, kwamba binti kama huyu ni msaada nyumbani. Nilitembea barabarani kama mtu aliyepewa cheo.

Siku mbili za mwanzo nilifanya kila kitu. Nilimkalisha Novati juu ya jiwe la kunolea panga nyuma ya nyumba, penye mwanga, nikamwinamisha kichwa, nikasokota tambi zangu. Utambi ulimtekenya, akacheka na kuongea wakati wote. Pasi ya baba iliniunguza kidole na nikajivunia lile lengelenge. Nilimpelekea mama ripoti nyuma ya pazia, pamoja na mafunzo yote ya kitovu, na bibi alipokuja na majivu yake kwenye jani, mama alimjibu kwa adabu kwamba nesi amekataza. Mdogo wetu mchanga kitovu chake kilikauka na kudondoka bila shida. Kwa hilo nilisifiwa mimi.

Siku ya tatu senene wakaanguka.

Msomaji wa Kagera hapo amenielewa na pengine ameshaanza kunisamehe. Ninyi wengine niwaeleze tu kwamba msimu wa senene hauna adabu. Panzi hawa wanashuka kwa wingi wakati wa mvua za mwisho wa mwaka, wanalala kwenye nyasi, na alfajiri kabla jua halijakausha mbawa zao unawaokota kama unaokota maharage. Kila mtoto alikuwa mlimani na kopo lake. Nyasi zilikuwa baridi, magauni yetu yalilowa mpaka kiunoni, vidole vilinuka majani, na kopo likijaa unasikia wale wadudu wanavyokwaruzana ndani. Ukirudi unawanyonyoa mbawa na miguu, unawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, na nyumba nzima inakuwa na furaha. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mtoto anayerudi na kopo la senene kama amemaliza kazi zake.

Kwa hiyo asubuhi ikapita. Mchana nilitoka shule nikakaa na wenzangu njiani kuwanyonyoa. Jioni nilikuwa nimechoka. Lakini niwaambie ukweli wote, maana ndio ulionifanya niandike: hata bila senene ningeacha. Ile kazi ilikuwa na harufu. Iliganda kwenye vidole, nami nilikula ndizi kwa vidole hivyohivyo. Sifa za nesi zilikuwa zimeshaisha utamu, na hakukuwa na mtu wa kuangalia. Mama akiuliza kutoka chumbani kama nimemkausha, nilijibu nimemkausha. Alipotaka kumwona nilimfuta kwanza sikio kwa nje na pindo la kanga, nikamwingiza. Chumba kile kilikuwa na giza na moshi, kinanukia dawa za mzazi. Mama alimpapasa sikio, akakuta nje pakavu, akanishukuru.

Siku ya tano tulirudi zahanati. Nesi Paskazia alisokota utambi, akauingiza, akauvuta, nao ulidondosha tone juu ya meza. Akatoa mwingine, na mwingine. Kisha akanigeukia, bila hasira, akaniuliza kama nilikuwa nikimkausha mara tatu kwa siku.

"Anakimbia," nilimwambia. "Nikimwita anakimbia, anajificha kwenye migomba."

Sikuwa nimeyapanga maneno hayo. Yalitoka laini, yamekamilika, hata migomba yake nikaitia humo. Novati alikuwa amekaa mezani, miguu yake inaning'inia. Mtoto yule aliyekuwa na jibu kwa kila mtu alinitazama, akamtazama nesi, akanitazama tena, na hakusema kitu. Nesi aliinama mpaka macho yao yakalingana, akamwambia kumbe yeye ndiye mkorofi, asimkimbie tena dada, dada anamtibu. Novati aliitikia kwa kichwa. Tuliporudi nyumbani nilimweleza mama kuwa nesi amemgombeza Novati kwa kukimbia, jambo lililokuwa kweli kabisa, na mama akamgombeza mara ya pili. Bibi akaongeza la tatu.

Nilirudia kazi kwa siku mbili, tatu, kwa woga. Kisha senene wakaanguka tena.

Ugonjwa ule ulikuja na kuondoka kwa miaka. Kila mvua zikianza sikio lilitoa maji, baadaye na la kulia likajifunza kwa mwenzake, ingawa hilo halikuharibika sana. Hakuna aliyejua ni lini hasa Novati aliacha kusikia, kwa sababu mtoto hasemi kwamba hasikii. Yeye hajui wengine wanasikia kiasi gani. Mimi nilijua mapema. Tulilala chumba kimoja, na nilishaona kwamba nikimwita akiwa amenipa mgongo hageuki, mpaka nimguse bega. Nilianza kumgusa bega bila kumwambia mtu.

Nilipokuwa darasa la saba yeye aliingia la kwanza, shule ileile. Kwa kuwa alikuwa mrefu alikalishwa nyuma. Siku moja nilitumwa kupeleka chaki kwenye darasa lao nikakuta mwalimu anaita majina. Aliita "Novati" mara moja, mara mbili, mara tatu, na Novati alikuwa ameinama anachora kitu kwenye daftari, ametulia kabisa. Darasa likaanza kucheka. Mwalimu alimfuata, akamsimamisha, akamchapa fimbo mbili za mkononi kwa kosa la kiburi. Alipokuwa anachapwa alinitazama mimi niliyesimama mlangoni na chaki zangu, kwa mshangao tu, kama anayeuliza amefanya nini.

Ningeweza kusema maneno mawili: mwalimu, hasikii. Sikuyasema. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilishafikiri mbali. Nikisema hasikii, wataniuliza tangu lini. Wakiuliza tangu lini watamfikia nesi, na nesi atasema ule utambi, na mtu mmoja tu katika habari ile alikuwa na la kuficha. Nikaweka chaki mezani, nikaondoka. Kosa la senene lilikuwa la mtoto, na naweza kumtetea yule mtoto kidogo. Hili la mlangoni sina namna ya kulitetea, nalo lilirudiwa wiki baada ya wiki, kwa sababu fimbo hazikuishia siku ile.

Aliyegundua ni Nesi Paskazia mwenyewe, alipokuja shuleni kupima watoto. Alipiga makofi nyuma ya Novati, akapiga tena, kisha akamshika mkono akampeleka dawati la mbele yeye mwenyewe, akazungumza na mwalimu kwa muda mrefu. Mwalimu hakumchapa tena. Lakini Novati alikuwa ameshapoteza karibu mwaka mzima, na zaidi ya hilo alikuwa ameshaacha kuongea. Alikuwa mtu wa kutazama midomo ya watu. Nesi alinikuta uwanjani siku hiyo, akanikumbuka, akaniambia kwa huruma kwamba ni bahati mbaya mdogo wangu alikuwa akimkimbia mtu aliyetaka kumsaidia, na nisijilaumu.

Hapo hadithi yangu ikawa hadithi ya ukoo. Mama aliitumia kwa mdogo wetu wa kike kila alipokataa kidonge: unamwona kaka yako, alikimbia dawa. Ilisimuliwa kwenye ubatizo, ilisimuliwa kwenye harusi yangu, watu wakicheka kwa upendo, na Novati akicheka pamoja nao pale alipofanikiwa kuifuata. Alipofeli darasa la saba ilisimuliwa bila kicheko. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, akiwa bado anaamini kwamba mwanawe alijiharibia sikio kwa ukorofi wa miaka minne. Nilimuuguza mimi mwezi mzima. Nilikuwa na nafasi za kutosha.

Mwaka jana wakati wa mavuno ya kahawa nilikwenda kumsalimia Novati. Yeye ndiye aliyebaki na kibanja cha baba, na anakilima vizuri kuliko baba alivyokilima. Alinipokea kwa mikono miwili, akaniambia shikamoo dada, akanikalisha barazani, akaniomba radhi kwamba ana kazi ndogo ya kumaliza. Binti yake Anitha, wa miaka mitano, alikuwa anatoka usaha sikioni baada ya mafua, na walishampeleka zahanati. Novati alikuwa na kitambaa cheupe juu ya goti. Alimwinamisha mtoto kichwa, akasokota utambi, akauingiza, akasubiri. Vile vidole vya jembe sikuwahi kuviona vikifanya kitu kwa upole namna ile.

Anitha aliguna kwamba unatekenya, akataka kushuka. Baba yake akamzuia kwa mkono.

"Usiwe kama mimi," alimwambia, kwa ile sauti yake ya juu kidogo ya mtu asiyejisikia akiongea. "Mimi nilikuwa namkimbia shangazi yako huyu. Alinihangaikia sana, maskini, nikawa najificha kwenye migomba. Ona sasa."

Mtoto alinitazama kwa heshima. Nilikuwa nimeletewa kikombe cha chai, nikakiweka chini. Nilimwambia Novati kwamba hakukimbia. Nilisema kwa sauti ya chini, jinsi mtu anavyosema jambo la aibu, na kwa ndugu yangu sauti ya chini ni sawa na kunyamaza. Aliona midomo yangu inacheza, akageuza kichwa kunipa sikio la kulia.

"Sema tena, dada. Sikukupata."

Basi ikanibidi nipaze sauti. Mambo niliyoyaficha miaka yote ile niliyatamka kwa nguvu, kwa sauti inayofika njiani, mpaka mkewe Editha akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani tunagombana.

"Hukukimbia hata siku moja, Novati. Mimi ndiye sikuwepo. Nilikuwa kwenye senene. Nikamdanganya nesi, nikamdanganya mama."

Alinitazama mdomoni muda mrefu baada ya maneno kuisha. Kisha akauvuta utambi kutoka sikioni mwa mtoto, akautazama, ulikuwa bado umelowa, akachana kipande kingine akaanza kusokota. Nilisubiri anitukane. Ningepumua kama angenitukana.

"Kwa hiyo sikukimbia," alisema.

"Hukukimbia."

"Maana nakumbuka nimekaa," alisema, akitazama kazi yake. "Pale kwenye jiwe la kunolea. Asubuhi, baridi, nimeinamisha kichwa hivi, nakusubiri. Najikuta peke yangu. Siku nyingi. Nilipokua nikaona labda niliota, kwa sababu ninyi nyote mlisema nilikuwa nakimbia."

Hilo sikulijua. Naomba mniamini katika hilo angalau. Katika miaka yote niliyojihukumu nilimwona Novati wa siku zile akicheza, akiongea na mbuzi wake, amesahau utambi kama nilivyousahau mimi. Haikunijia hata mara moja kwamba wakati niko mlimani na kopo langu, mtoto wa miaka minne alikuwa akienda mwenyewe nyuma ya nyumba, anapanda juu ya jiwe na kukaa kama alivyofundishwa, mpaka achoke.

Alimaliza sikio la Anitha. Utambi wa mwisho ulitoka mkavu, akamwonyesha mtoto, akamshusha. Tulikula, tukaongea habari za kahawa, na jioni alinisindikiza mpaka barabarani amenibebea mkungu wa ndizi begani kama kila mwaka. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuwa na uso wa kuuliza. Alipoupakia mkungu kwenye pikipiki aliniambia nisalimie nyumbani, kisha akasema ni vibaya tu kwamba mama hakusikia.

Niliwahi kumuuliza daktari mmoja, kama ninayeuliza habari za mtu mwingine, iwapo sikio la namna ile lingepona kwa tambi. Alisema mengi hupona na machache hayaponi hata yakitunzwa, hakuna awezaye kuapa. Nililishikilia jibu hilo miaka mingi, kila lawama ilipozidi nilijipaka kama dawa. Sasa halinisaidii tena, kwa sababu kumbe sikio halikuwa jambo pekee nililomharibia. Novati alikuwa anajua vizuri alichokifanya. Alikuwa amekaa pale, ameona mwenyewe, akalelewa na watu waliomwambia vingine mpaka akaacha kuamini alichokiona, na wa kwanza kumwambia nilikuwa mimi.